Somo la Vijana: Tulipopima Maji ya Chemchemi Yetu



Wapendwa vijana, poleni na masomo, na kwa walio huku kwetu poleni na mvua. Somo letu linatoka 2 Wafalme 2:19-22. Ni aya nne tu, kwa hiyo usiniambie huna muda. Fungua Biblia, zisome kwanza, ndipo uendelee hapa.

Umesoma? Haya. Mara nyingi kifungu hiki kinahubiriwa kwa sababu ya chumvi. Nabii Elisha anaomba chombo kipya, kinatiwa chumvi, anaitupa penye chemchemi na maji yanaponywa. Lakini mimi mwaka huu nimekwama aya ya 19, kabla hata muujiza haujaanza. Watu wa Yeriko wanamwendea nabii na kumweleza habari za mji wao: mahali ulipo ni pazuri, ila maji ni mabaya na nchi haizai. Hebu fikiria. Wangeweza kunyamaza. Mgeni wao alikuwa mtu mkubwa, na kila mwenyeji anapenda mgeni aone mazuri ya kwake. Wao wakamwonyesha chemchemi.

Nieleze nilivyokwama hapo. Baada ya kumaliza falsafa Ntungamo nilitumwa kwenye mwaka wa uchungaji huku upande wa Rubya, wilaya ya Muleba. Wengi mnaijua Rubya kwa seminari yake ndogo, alikosoma Kardinali Laurean Rugambwa, na kwa hospitali yake. Mimi sasa naijua pia kwa mabonde yake. Nyumba ziko juu, kila moja na kibanja chake cha migomba na mibuni, na chemchemi ziko chini, mwisho wa mteremko. Asubuhi watoto wanashuka na madumu matupu, kisha wanapanda nayo yamejaa, ndipo waende shule.

Siku moja kwenye mkutano wa TYCS binti mmoja wa kidato cha pili aliuliza, "Frateri, tunajuaje kama maji yetu ni salama?" Nikaanza kumjibu kwa Thales, yule Mgiriki aliyefundisha kwamba asili ya vitu vyote ni maji. Alinisikiliza kwa heshima kabisa. Halafu akasema, "Sawa Frateri, ila mdogo wangu anaharisha." Thales akaishia hapo.

Tukaamua kupima.

Tulianza na kinachoonekana kwa macho, na hapa nina habari ya kuwafurahisha. Kifaa kinachotumika dunia nzima kupima ung'avu wa maji ya maziwa na bahari kina jina la padre. Padre Angelo Secchi alikuwa Mjesuiti wa Italia, mtaalamu wa nyota. Mwaka 1865, akiwa kwenye meli ya Papa katika bahari ya Mediteranea, alishusha sahani majini na kuandika ni kina gani sahani inapotea machoni. Basi, ni hivyo tu. Unaishusha mpaka isionekane, unaandika kina, unaipandisha mpaka ionekane tena, unaandika, unachukua wastani. Sisi tulitumia mfuniko wa ndoo ya rangi, tukaupaka nyeupe na nyeusi, tukafunga nati nzito chini yake na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Tuliipeleka ziwani siku ya matembezi. Kwa sahani ya namna hiyo wataalamu wamegundua kwamba maji ya Ziwa Victoria yalikuwa maangavu zaidi miaka ya 1920 kuliko miaka ya 1990. Padre mwenyewe alizoea kutazama juu, lakini siku ile alitazama chini, na watu bado wanamfuata.

Kijito chetu ni kifupi mno kwa sahani, kwa hiyo huko tuligeuza mawe. Afrika Kusini wana kipimo kiitwacho miniSASS ambacho hata watoto wa shule wanakitumia: unahesabu aina za wadudu na wanyama wadogo wanaoishi chini ya mawe. Wako wasiostahimili uchafu kabisa, na wako wanaoishi popote, kama minyoo fulani myekundu. Tanzania nayo ina mfumo wa kitaalamu wa aina hiyo, unaitwa TARISS. Sisi hatukuwa wataalamu. Tuligeuza mawe juu ya mahali pa kufulia, tukageuza mengine chini yake. Juu tulikuta aina nyingi, hata watoto wa kereng'ende. Chini tulikuta minyoo, konokono na soksi moja.

Kipimo cha tatu ndicho kilichotuumiza.

Rafiki yangu aliyesomea mambo ya maabara alitupa chupa ndogo zenye karatasi iliyotiwa dawa. Ni njia iliyobuniwa India na kutangazwa mwaka 1982, kwa ajili ya vijiji visivyo na maabara. Unajaza maji, unafunga, unaweka mahali pa joto kwa saa 24 hadi 48. Bakteria wa aina inayoishi matumboni wakiwepo, wanatoa gesi ile yenye harufu ya yai bovu na chupa inageuka nyeusi. Sasa usiku wa huku ni wa baridi, si unajua, na bakteria wanataka joto. Vijana wakazifunga chupa kwenye khanga, wakaziweka kwenye boksi jikoni karibu na mafiga. Mmoja alitaka kulala nazo kifuani. Nilimkatalia.

Tulijaza chupa nne. Ya kwanza maji yaliyochemshwa, ili tuwe na ya kulinganishia. Ya pili maji ya kijito. Ya tatu maji ya chemchemi moja ya pembeni ambayo watu wanaidharau kwa kuwa ina rangi ya kutu, wanafulia tu na si nguo nyeupe. Ya nne maji ya chemchemi yetu, ile ya chini ya kigango, inayong'aa mpaka unaona mchanga. Hiyo ndiyo tunayowapa wageni, na ndiyo inayojaza ndoo ya sakristia.

Dominika jioni kijito kilikuwa cheusi. Hakuna aliyeshangaa. Jumatatu asubuhi nilienda jikoni kabla ya sala. Maji yaliyochemshwa hayakubadilika. Maji ya kutu hayakubadilika. Chemchemi yetu ilikuwa nyeusi kama wino.

Vijana wenzangu, nitawaambia ukweli jinsi ulivyo. Wazo langu la kwanza halikuwa mdogo wake yule binti. Lilikuwa choo. Miaka miwili kabla, nikiwa likizo, niliongoza vijana wa kigango kuchimba choo cha shimo. Tulichanga wenyewe, tukachimba wenyewe, tukapiga picha. Tulisifiwa mbele ya watu na mimi nikasifiwa kwa jina. Na mahali tulichagua sisi: penye udongo laini, juu kidogo ya chemchemi. Jumatatu ile nilishuka peke yangu nikihesabu. Kutoka mlango wa choo mpaka majini ni hatua 19. Miongozo ya kawaida inataka angalau mita 30, tena choo kiwe upande wa chini, si juu.

Hapo falsafa ikanisaidia vibaya. Nikajiambia: chupa inaonyesha kwamba kuna dalili ya kinyesi, haisemi ni cha nani. Ng'ombe wanapita pale. Vibanja vya juu vinatiwa samadi. Mvua inasomba njia nzima. Na kipimo kimoja si uthibitisho. Yote hayo ni kweli, hata leo nayatetea, na mpimaji asiyesema mipaka ya kipimo chake anadanganya. Tulirudia Jumamosi iliyofuata, baada ya mvua, na chupa ikawa nyeusi mapema zaidi. Lakini nilijijua. Nilikuwa nikichukua sentensi za kweli na kuzishona kuwa pazia.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapozungumzia ukweli wa akili, anasema ni akili kulingana na kitu kilivyo. Huo tulikuwa nao ndani ya chupa. Ila katika sehemu nyingine ya *Summa* anazungumzia kusema kweli kama fadhila, na anaiweka karibu na haki. Yaani unaposema kweli humpi mwenzako zawadi, unamlipa deni. Niliisoma darasani nikaipatia maksi nzuri. Jumatatu ile nilikuwa nadaiwa na kila mama aliyeshuka na dumu.

Mpango wangu ulikuwa yule binti asome matokeo kwenye matangazo, kwa kuwa swali lilikuwa lake. Ilionekana kama kuwapa vijana nafasi. Katekista alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Frateri, sehemu ya choo useme mwenyewe. Usimtwike mtoto." Huyu ni mzee wa watu, haongei sana. Tulipokuwa tunashuka bondeni alinikumbusha mwaka 1994, mauaji ya Rwanda, jinsi mto Kagera ulivyobeba miili mpaka ziwani, na watu wa pande nyingi za ziwa wakaacha kula samaki. "Anayekaa chini," akasema, "anapokea ya juu bila kuulizwa." Kisha akaendelea kutembea.

Dominika baada ya Komunyo binti alisoma matokeo vizuri sana, na chupa alizionyesha. Mimi nikasimama nikasema la choo na hatua 19. Kanisa lilinyamaza. Mzee mmoja akainuka na fimbo yake. "Waitu Frateri, maji haya nimeyanywa miaka sabini. Baba yangu aliyanywa." Nikaanza kutafuta la kujibu kwa adabu, kumbe hakuwa amemaliza. "Ila wakati ule," akasema, "pale juu palikuwa na miti mitupu." Akakaa.

Mama mmoja akauliza lile la maana kuliko yote: "Kwa hiyo leo tunakunywa nini?" Tukajibu tulichoweza. Chemsha mpaka yatokote kabisa. Au jaza chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, maji yakiwa hayana tope, uiache juani saa 6. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Najua kuchemsha ni kuni, na kuni ni mgongo wa mama na binti. Mwaka 2015, katika *Laudato si'*, Papa Fransisko aliyahesabu maji salama kuwa haki ya msingi ya kila mtu; mimi nilikuwa nimesimama pale nikiwaambia akina mama waongeze kuni kwa sababu ya kazi yangu mwenyewe.

Na mtumishi mmoja wa altare, mdogo kabisa, alinifuata nje: "Frateri, mimi nilibatizwa kwa maji haya. Ubatizo wangu upo?" Upo, mdogo wangu, tena haufutiki. Ubatizo unahitaji maji halisi, na yale yalikuwa maji halisi. Lakini nilimwambia pia kwamba utangulizi wa ibada ya Ubatizo unataka maji yawe safi, kwa ajili ya ishara yenyewe na kwa ajili ya afya. Akafikiri. "Basi tusafishe," akasema, akaenda kucheza mpira.

Choo kimefungwa. Shimo jipya linachimbwa upande wa pili, chini, zaidi ya mita 30. Juu ya chemchemi tumechimba mtaro wa kukinga maji ya mvua, na ng'ombe wamewekewa njia nyingine. Si wote waliofurahi. Kijana mmoja niliyechimba naye lile la kwanza hajanisalimia wiki tatu sasa. Aliniambia nimewaaibisha mbele ya wazazi wao, na sina hakika kama hana haki kidogo. Ningeanza kwao, kisha kanisani. Nimeshaenda kwao mara mbili, sijamkuta.

Kwa mikutano yenu wiki hii, zungumzeni haya. Chemchemi ya kwenu iko wapi, na juu yake kuna nini? Nendeni mkatazame kwa miguu, msijibu mkiwa mmekaa. Je, kuna jambo mlilolifanya kama kikundi mkasifiwa, ambalo hamjawahi kurudi kulikagua? Na watu wa Yeriko: kwa nini unadhani walimwambia mgeni? Mkipata chupa za kupimia, kumbukeni kwamba chupa ikishageuka nyeusi ni hatari. Msiifungue kwa mchezo. Mtu mzima amimine jiki ndani, aiache kwanza ndipo aimwage chooni, na mnawe mikono kwa sabuni.

Sisi tumebakiwa na chupa mbili. Wiki iliyopita tulipima tena, ikawa nyeusi, kwani udongo hausafiki kwa siku mbili tatu. Moja tutaitumia mvua zikikatika. Ya mwisho nimempa yule binti aitunze, na yeye ndiye atakayechagua siku.