Shangazi, bundi wa uani ndio waliomuua baba mkwe?

Mama Wawili wa Morogoro, pole sana na msiba. Unaniuliza kama wewe ndiye uliyeleta kifo cha baba mkwe wako, kwa kuwa uliwaacha bundi wazae kwenye tundu la mwembe uani, na kila magharibi ukakaa na mwanao kuwatazama.

Hapana, mwanangu. Umeandika mwenyewe kwamba mzee alikuwa na presha ya miaka mingi, na tangu Ramadhani alikuwa hamezi dawa. Mbona unamtafuta muuaji juu ya mti?

Mama mkwe anasema walilia usiku ule. Walilia, sikatai. Hata usiku mwingine walilia, ila nyinyi mlikuwa mmelala. Nyumba yenye mgonjwa hukesha: taa inawaka, mtu anatoka uani saa nane kuchota maji, masikio yote yako wazi. Ndiyo maana karibu kila ukoo una kisa cha bundi aliyelia kabla ya msiba, na hakuna anayesimulia zile siku nyingine alizolia, watu wakaamka wazima.

Kwa jinsi unavyowaeleza, uso mweupe wenye umbo la moyo, ni wale wanaopenda kukaa karibu na watu, hata kwenye dari. Sauti yao ni ukelele mkavu, na makinda hukoroma usiku kucha wakidai chakula. Mfiwa akiisikia gizani lazima nywele zimsimame, kwa hiyo simlaumu mama. Na yule kinda mdogo uliyemhofia haumwi. Jike huanza kuatamia tangu yai la kwanza, basi makinda hupishana kwa siku kadhaa.

Chini ya mwembe utakuta vidonge vyeusi, unene wa kidole gumba. Si kinyesi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Loweka kimoja kwenye maji, kifungue kwa kijiti: utaona fuvu zima, meno ya mbele yangalimo, yamepinda na yana rangi ya chungwa. Mwonyeshe shemeji yako anayenoa shoka. Yeye analima mahindi. Jinsi panya shamba wanavyofukua mbegu usiku wa kupandia, anajua kuliko mimi.

Mama mkwe usimwonyeshe chochote, wala usibishane naye. Yuko edani, miezi minne na siku kumi, na moyo wake bado mbichi. Makinda huruka wakifikisha miezi miwili hivi. Kabla hajatoka edani, hao watakuwa wamekwisha kuruka. Unachohitaji ni subira ya muda mfupi tu, na subira hiyo aiombe mumeo, si wewe mkwe. Amenyamaza mno. Aende akae na mama yake, aseme: "Mama, tusikate mti wala kufukiza moshi mpaka makinda waruke. Baadaye ukitaka tundu lizibwe, nitaliziba kwa mikono yangu." Mimi natamani libaki wazi, tena natamani sana, lakini utulivu wa mjane unatangulia.

Kwa sasa msitege sumu ya panya. Panya aliyeila hafi papo hapo. Huzubaa siku kadhaa, bundi akamnasa kirahisi na sumu ikamwingia yeye na makinda. Msiwamulike kwa tochi tunduni. Shemeji akishikilia kuwaua, akumbushwe kwamba ipo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuua mnyamapori bila kibali ni kosa.

Jambo la mwisho, na hili lisisubiri eda. Presha hutembea kwenye ukoo. Mumeo na shemeji yako waende zahanati wiki hii wakapimwe, na kama kuna dawa aliyoandikiwa mama mkwe mwenyewe, hakikisha anaimeza.