SOMO LA UFUGAJI: KIKOHOZI BANDANI SI SIRI YA MTU MMOJA

Katika Wilaya ya Nyamagana kuku wa nyama hufugwa kati ya nyumba za watu. Kutoka Buhongwa hadi Igoma, banda la mwanachama mmoja huweza kuwa hatua chache tu kutoka kwa jirani yake, na matenga yale yale hupeleka kuku wa watu mbalimbali sokoni. Kwa hiyo ugonjwa wa njia ya hewa ukiingia kwa mmoja, umekwisha bisha hodi kwa wengine.

Chanzo cha hasara

Kuku wa nyama hukaa bandani wiki 5 hadi 6 tu. Chukua mfano wa mwanachama mwenye kuku 500 aliowanunua kwa mkopo wa chama, akadhaminiwa na wenzake. Katika wiki ya nne anasikia usiku baadhi ya kuku wakikoroma. Marejesho yamekaribia, naye anashawishika kununua dawa yoyote dukani, au kuwauza kuku upesi kabla hawajafa. Njia zote mbili ni kosa. Ya kwanza huweza kumpotezea fedha bure. Ya pili hupeleka ugonjwa sokoni, na kutoka sokoni hadi kwenye mabanda ya wadhamini wake.

Magonjwa yanayofanana

(a) Kideri, au mdondo. Ugonjwa huu wa virusi ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na ndiyo sababu huitwa pia Newcastle. Kuku hutweta, huharisha kijani, na wengine hupinda shingo. Kundi lisilochanjwa huweza kuteketea karibu lote.

(b) Mkamba wa kuku. Nao ni wa virusi, na huenea bandani kwa siku 1 au 2.

(c) Mafua makali. Huletwa na bakteria. Uso huvimba na makamasi hunuka.

(d) Mafua sugu. Huletwa na maikoplasma, ambayo huweza kupita katika yai kutoka kwa kuku mzazi. Hujitokeza zaidi kuku wapatapo baridi, vumbi au hewa mbaya.

Dawa za kuua bakteria haziponyi kideri wala mkamba. Hata zinapofaa, hutolewa kwa maelekezo ya mtaalamu, na kuku hawauzwi mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa zimekwisha. Macho peke yake hayatoshi kutofautisha magonjwa haya. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) ana maabara Mwanza kwa kazi hiyo.

Hewa na chanjo

Wakati wa mvua wafugaji wengi hushusha mapazia ya viroba usiku na mchana. Pumba za mpunga au maranda hulowa, na kinyesi hutoa amonia inayoharibu vinyweleo vidogo vya koo, ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na vijidudu. Mfugaji achuchumae bandani kila asubuhi, kwa kuwa kuku huvuta hewa ya chini. Akiwashwa macho, afungue mapazia upande usio na upepo na kuondoa matandiko yaliyolowa. Kuku wasizidi 10 kwa kila mita ya mraba.

Kwa kawaida chanjo ya kideri hutolewa siku ya 7 na kurudiwa siku ya 21. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka Ziwa Victoria na husafishwa kwa klorini. Klorini hiyo huua chanjo inayochanganywa na maji. Yatumike maji safi ya mvua au ya kisima, yasiyotiwa dawa, nayo yanywewe yote ndani ya saa 2.

Wajibu wa chama

1. Kila mfugaji awe na daftari la banda: vifo, chakula, chanjo na dawa za kila siku.

2. Siku ile ile ya kikohozi cha kwanza, mwanachama amwarifu katibu. Katibu amwite ofisa mifugo wa kata na kuwajulisha wafugaji wote wa jirani.

3. Matenga na viatu vioshwe kwa dawa. Mizoga izikwe au ichomwe. Isitupwe mtaroni wala ziwani.

4. Bodi iafikiane mapema na wanachama namna ya kusogeza marejesho ya aliyetoa taarifa kwa wakati. Mwanachama akisema kweli kisha akadaiwa kwa ukali na kuchekwa mkutanoni, wa pili ataficha, na wa tatu atauza usiku. Chama kitakuwa kimejifunga masikio chenyewe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, wafugaji wa chama chetu hutumia matenga ya nani, na nani huyaosha?

2. Mwanachama akisikia kikohozi usiku wa leo, atamwambia nani kwanza? Je, anaogopa nini?