SOMO LA LEO: MEZA NA MGONGO WA KARANI



Wengi wetu tunadhani kazi ya kuumiza mgongo ni jembe tu. Karani, tunasema, amekaa zake kivulini. Mbona basi jioni anashika kiuno kama mtu aliyelima?

Jambo hili si geni. Mwaka 1713 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya magonjwa ya makarani. Alitaja sababu tatu: kukaa muda wote, kuchezesha mkono kwa namna ile ile, na kuchosha akili.

Mgongo unaumiaje?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Ukikaa wima, mifupa inakibeba. Ukiinama juu ya daftari, misuli ya shingo na mgongo ndiyo inayokishikilia. Hebu jaribu: nyoosha mkono mbele, ushike debe tupu. Debe ni jepesi, lakini baada ya muda mfupi mkono unatetemeka. Na mgongo ni vivyo hivyo.

Tufanye nini?

1. Tutengeneze meza ya kusimamia. Mijini zipo meza za kupandisha na kushusha, lakini ni ghali. Seremala wa kijiji anaweza kutengeneza ya mbao. Simama wima na viatu vyako, kunja mkono, pima toka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Meza ya kuandikia izidi kiwiko kwa sentimita 5 hivi. Meza ya kazi ya nguvu, kama kupiga randa, iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 20 au zaidi, ili uzito wa mwili usaidie mikono.

2. Tusisimame kutwa. Kusimama mno nako kunavimbisha miguu. Dawa ni kubadili: andika umekaa, kisha simama, kisha tembea kidogo. Ukisimama, weka mguu mmoja juu ya tofali, halafu badilisha.

3. Tukae vizuri. Nyayo zifike chini. Zisipofika, weka tofali. Kunja kanga uiweke kati ya kiuno na kiti.

Maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, usingoje. Nenda zahanati.

Ndugu zetu, karani wa ushirika akilala kitandani, nani atapima pamba na kuandika kilo zako? Mkulima ndiye atakayepanga foleni na magunia yake. Kwa hiyo mkutano wa kijiji ukijadili meza ya ofisi, tusiseme, "Karani anataka raha." Mbao chache ni rahisi kuliko msimu kuharibika.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini kuinama kunachosha shingo?
2. Pima kiwiko chako. Meza yako ya kuandikia ya kusimamia iwe na kimo gani?
3. Jiko lako la nyumbani je, linamwinamisha mpishi? Mtaliinuaje?