Mdogo Wangu na Kiti cha Daktari wa Meno

Najua wengi wenu mkisikia tu "daktari wa meno" mnashika mashavu. Sasa hebu fikiria mtoto ambaye kelele za kawaida humgonga masikioni kama nyundo, taa humchoma macho, na mkono wa mgeni kinywani ni kama kaa la moto. Mtoto huyo ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Ana usonji.

Usonji si wazimu, si pepo, wala si malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Mnamo 1943, Daktari Leo Kanner wa Marekani alichapisha makala kuhusu watoto 11 wenye hali hii. Watoto hawa hawafanani: wengine husema sana, wengine hawasemi kabisa. Mdogo wangu ana maneno machache.

Alipokuwa na miaka 9 alianza kujipiga shavu na kukataa githeri. Tukadhani ni ukaidi, nami nikamgombeza. Kumbe gego lilikuwa limetoboka! Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno mengine, bila jino lolote kung'oka. Ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni la utotoni na hulipuuza. Mtoto alikuwa akiumwa na hakuweza kusema.

Hapo ndipo nilipokosea. Ili apande matatu, nilimwambia, "Twende sokoni." Alipoona koti jeupe alipiga mayowe, akajificha chini ya kiti, akaniuma mkono. Watu kwenye foleni wakanong'ona ati hana adabu. Tulirudi nyumbani na jino letu. Kwa majuma matatu hakukubali kupanda gari nami. Kweli, njia ya mwongo ni fupi.

Mama hakukata tamaa. Alimwendea daktari mwingine, mama mpole, ambaye alitufundisha haya:

1. Sema kweli, tena kwa maneno ya wazi. Sisi tulikuwa tumemwambia kuna mdudu ndani ya jino. Mtoto mwenye usonji mara nyingi huchukua neno jinsi lilivyo, basi alilala akiogopa huyo mdudu! Kweli ni kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho hugeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi hula jino. Kwake ilitosha kusema, "Jino lina shimo. Daktari ataliziba."

2. Onyesha kwa picha. Nilichora picha sita: matatu, mlango, kiti, kioo kidogo, kuziba, nyumbani. Tulizitazama kila jioni. Jambo linalojulikana halitishi sana.

3. Zoeza nyumbani. Nilimlaza kwenye kochi, nikammulika kwa tochi, nikayagusa meno yake kwa mpini wa kijiko. Siku ya kwanza jino moja tu, basi. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Enda hatua kwa hatua. Ziara ya kwanza alikaa tu kitini. Ya pili aliguswa kwa kioo. Kila kifaa daktari alikieleza, akakionyesha, ndipo akakitumia. Tulikuwa wagonjwa wa kwanza asubuhi, kabla ya foleni na makelele.

5. Hesabu, na uheshimu hesabu. Daktari alisema, "Nitagusa mpaka kumi, kisha nitaacha." Ilipofika kumi aliacha kweli, hata kama kazi ilikuwa haijaisha. Mdogo wangu akiinua mkono, kazi ilisimama.

Ziara ya nne alidungwa ganzi, gego likazibwa. Alilia kidogo, siwadanganyi. Lakini hakujificha, na alinishika mkono uleule aliouma. Jioni alikula githeri sahani mbili.

Jambo moja zaidi. Alikuwa akikataa mswaki, tukasema mkaidi. Kumbe dawa ya meno ilimwasha kama pilipili! Tulinunua isiyo kali na mswaki laini, sasa anapiga mswaki mara mbili kwa siku.

Leo ana miaka 12, na meno yake ya mbele yamepandana. Daktari asema huenda akahitaji kuvishwa vyuma vya kunyoosha meno, na vyuma hivyo hukaa kinywani kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi. Si mchezo. Nimeshaanza kuchora picha mpya, na hapo pa kuumia kidogo sitaparuka.

Wasomaji wenzangu, siku moja mtakaa kwenye foleni na mtoto anayepiga mayowe. Kabla ya kunong'ona, kumbukeni kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msogezeeni mama yake nafasi apite mbele. Hiyo pekee ni msaada mkubwa.