Ethiopia: Jimbo na Serikali Kuu Wakigombana, Nani Huamua?



Habasha tunaijua kwa Najashi aliyewapokea Masahaba. Leo tuisome kwa jambo lingine: ni shirikisho lenye serikali ya kibunge, mfumo ambao sisi Rwanda, nchi isiyo na majimbo yenye mamlaka yake, hatunao.

Kwa Katiba ya 1995, Waethiopia hawamchagui kiongozi wa serikali moja kwa moja. Huchagua Baraza la Wawakilishi, na chama chenye wabunge wengi humo ndicho hutoa Waziri Mkuu. Rais yupo, ila kazi yake zaidi ni ya heshima. Majimbo nayo yana mabunge, serikali na mahakama zao.

Wakigombana je? Kwetu hoja ya Katiba huenda Mahakama ya Juu. Kule imepewa Baraza la Shirikisho, ambamo kila kabila lina angalau mjumbe mmoja. Wanasheria hushauri tu. Yaani wanasiasa ndio waamuzi, na mimi naona udhaifu upo hapo.

Juni 2020, uchaguzi ukiwa umeahirishwa kwa sababu ya korona, Baraza hilo liliiongezea serikali muda. Tigray ilikataa, ikafanya uchaguzi wake Septemba. Baraza likautangaza kuwa batili. Mzozo ukakua, na Novemba vita vikaanza. Katika vita hivyo uliharibiwa hata msikiti wa Al-Nejashi, karibu na Wukro. Mkataba wa kuvisitisha ulitiwa saini Pretoria tarehe 2 Novemba 2022.