Somo: Kabla ya Kukata Kibanja

Kata ya Bugene imepakana na mji wa Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Lami ya Kyaka–Bugene, yenye urefu wa takribani kilomita 59, imerahisisha safari, na walioajiriwa mjini sasa hutafuta makazi pembezoni. Kila alfajiri watumishi, mafundi na wafanyabiashara huelekea kazini. Jioni hurejea kulala. Palipostawi migomba na mibuni, nyumba zinajengwa. Mwenye kibanja anayekusudia kuuza kipande azingatie mambo matatu.

Kwanza ni udongo. Rutuba ya kibanja ilijengwa na vizazi kwa samadi, majivu na majani yaliyotandazwa shinani mwa migomba. Nje ya kibanja, ardhi mara nyingi ni hafifu, kwa kuwa mvua imechuja virutubisho vyake. Nyumba yaweza kusimama penye udongo hafifu. Mgomba hauzai hapo. Basi mwenye maeneo mawili auze lile lisilorutubishwa.

Pili ni njia. Vijia vilivyomtosha mkulima na baiskeli yake havipitishi gari la wagonjwa. Kabla ya kugawa viwanja, majirani wakubaliane upana wa njia, kila mmoja aachie sehemu yake, kisha mpimaji aitwe. Aidha, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Eneo hilo haliuzwi wala halijengwi.

Tatu ni ridhaa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria Na. 5 ya 1999 inataka uhamishaji wa hakimiliki ya kimila uidhinishwe na Halmashauri ya Kijiji, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Hati iliyoandikwa mbele ya mashahidi pekee haitoshi. Mgogoro ukizuka, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wakiwamo wanawake wasiopungua watatu, lina wajibu wa kusuluhisha.

Muuzaji na mnunuzi wafike pamoja kwa Mtendaji wa Kijiji kabla fedha haijapokewa. Fedha ikishatumika na msingi ukishachimbwa, anayeumia kwanza ni familia iliyobaki bila shamba.