Kuurudia Mtihani kwa Kutaka Udaktari

Tumeulizwa: kijana wa Kericho atakaye udaktari, na alama zake za mtihani wa kidato cha nne (KCSE) zimepunguka, je, aurudie, au ashike njia nyingine?

Twajibu: Elimu ya utabibu ni faradhi ya kifaya. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliwalaumu watu wa zama zake kwa kuisongamania fikihi ilhali miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu. Basi tamaa ya kijana huyu ni njema. Lakini nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kupima.

Kwanza, atazame sababu. Ikiwa ni maradhi, au kemia aliyoipuuza, sababu hiyo yaondoka. Ikiwa alikwisha toa juhudi yake yote, mwaka wa pili utamzidishia nini? Na ajue kuwa hapewi daraja ya jumla ila afanyapo masomo yasiyopungua 7.

Pili, ada yatoka wapi? Si haki mwaka wake ununuliwe kwa karo ya dada yake.

Tatu, mlango si mmoja. Chuo cha serikali cha utabibu (KMTC) kina matawi Kapkatet na Bomet, na stashahada ya afisa wa kliniki ni miaka 3. Mgonjwa wa shamba humwona huyu kabla ya daktari.

Rai yetu: ambaye sababu yake yaondoka, na ada yake haimdhulumu mtu, aurudie mara moja, asizidishe. Asiyekuwa hivyo na aingie mlango ulio wazi. Ashauriane na walimu wake, aswali istikhara, kisha aazimie. Wallahu aalam.